Hofu ya Kiti cha Daktari wa Meno: Namna ya Kuishinda kwa Watu Wazima na Watoto

SOMO LA AFYA YA KINYWA

Ni saa nane za usiku na nyumba nzima imelala isipokuwa mtu mmoja. Ameketi ukingoni mwa kitanda, shavu limevimba, leso imefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, na karafuu imebanwa kwenye jino. Jino lenyewe halikuanza kuuma jana. Miezi minane iliyopita lilikuwa likiuma kidogo tu kila alipokunywa maji baridi. Likatulia, naye akashukuru. Likauma tena, akanunua tembe dukani. Kila alipoambiwa aende hospitalini alijibu, "Nitakwenda wiki ijayo." Hakuwa mvivu, wala nauli haikumshinda. Alikuwa akiogopa.

Watu wa namna hii hawakosekani katika mtaa wala kijiji chochote cha Kaunti ya Kilifi, kutoka Malindi na Magarini hadi Ganze, Kaloleni na Rabai. Wengine ni wavuvi wanaotoka baharini hata wakati wa kusi. Wengine ni kina mama waliojifungua mara nne au tano. Hofu ya kutibiwa meno haichagui jasiri wala mnyonge, msomi wala asiyesoma, na si jambo la kuchekwa. Hata hivyo, ikiachwa bila kushughulikiwa humfanya mtu apoteze meno ambayo yangeokolewa, na mara nyingine huhatarisha maisha yake.

Somo hili linaweza kusomwa nyumbani, katika mkutano wa wazazi shuleni, kwenye chama au barazani. Mwisho wake, msomaji anatarajiwa:

- kueleza hofu ya kutibiwa meno hutoka wapi na kwa nini huzidi kukua;
- kutambua ni sehemu ipi hasa ya matibabu inayomwogopesha;
- kutumia hatua za kupunguza hofu hiyo kabla ya matibabu na wakati wa matibabu;
- kumtayarisha mtoto ili asiirithi hofu ya wakubwa wake;
- kutambua dalili ambazo haziwezi kungoja hata siku moja.

1. Hofu hutoka wapi?

Mara nyingi chanzo ni kumbukumbu. Mtu alishikwa kwa nguvu akiwa na miaka saba, jino likang'olewa kabla ganzi haijaingia vizuri, na hadi leo akisikia harufu ya dawa za hospitali tumbo humvuruga. Huenda amesahau jina la shule aliyosomea, lakini siku hiyo hajaisahau.

Chanzo cha pili ni hadithi. Kuna watu wasiowahi kukalia kiti cha daktari wa meno hata mara moja, na bado wanakiogopa kuliko waliokikalia. Wamesikia kwa jirani, kwa shangazi, kwa wenzao kazini.

Chanzo cha tatu ni hali yenyewe ya kutibiwa. Mgonjwa hulala chali, mdomo wazi, taa usoni, hawezi kusema wala kuona kinachofanywa. Mashine ya kuchonga jino hupiga kelele karibu na sikio. Hata mtu asiyeumia huhisi kwamba mambo yametoka mikononi mwake, na hisia hiyo pekee inatosha kuleta woga.

Chanzo cha nne ni aibu. Mtu ambaye hajatibiwa meno kwa miaka kumi huogopa kugombezwa. Mwingine huona haya kwa sababu meno yake yamebadilika rangi kwa sigara, tumbaku au muguka, au harufu ya kinywa chake imekuwa mbaya. Anaona afadhali avumilie maumivu kuliko kufungua mdomo mbele ya mgeni.

Chanzo cha tano ni gharama. Mtu asiyejua atatozwa kiasi gani huogopa kuuliza, na asipouliza hubaki na makadirio ya kutisha.

Ni vyema kukumbuka kwamba zamani hofu hii ilikuwa na sababu kubwa. Kwa karne nyingi jino liling'olewa bila ganzi yoyote. Dawa ya ganzi inayotumika sana leo, lidokeini, ilitengenezwa nchini Sweden mwaka 1943 na mwanakemia Nils Löfgren, ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Kwa hiyo babu aliyesimulia kung'olewa jino akiwa ameshikwa na wanaume wawili huenda alisema kweli tupu. Alisimulia enzi yake.

2. Mzunguko wa hofu: kuahirisha ndiko kunakoleta maumivu

Hili ndilo jambo kuu katika somo hili. Ili kulielewa, ni lazima kwanza kujua jinsi jino linavyooza.

Tabaka la nje la jino ni gumu kuliko mfupa, nalo halina mishipa ya fahamu. Ukiwa kwenye tabaka hilo, uozo hauumi hata kidogo. Daktari anaweza kuusimamisha kwa dawa ya floridi au kuuziba kwa muda mfupi, mara nyingi bila sindano.

Uozo ukifika tabaka la pili, jino huanza kuuma kwa maji baridi, kwa chai ya moto, au kwa vitu vitamu kama kashata, halwa na mabuyu. Maumivu huja na kuondoka. Hapa bado jino linaweza kuzibwa, na ganzi hufanya kazi vizuri.

Uozo ukifika kwenye kiini chenye mishipa ya damu na fahamu, maumivu huja yenyewe bila kuchokozwa, hupiga kama moyo, na huzidi mtu anapolala. Sasa kuziba peke yake hakutoshi. Jino huhitaji matibabu ya mzizi, ambayo ni marefu na ya gharama zaidi, au kung'olewa.

Mwishowe kiini hufa. Maumivu yanaweza kutoweka kabisa, na mgonjwa akadhani amepona. Kumbe usaha unajikusanya chini ya mzizi, na siku ukipata njia, shavu huvimba.

Mtu mwenye hofu hupita hatua zote hizo akingoja. Anapofika hospitalini hatimaye, ana uvimbe na usaha. Sehemu yenye usaha huwa na asidi nyingi, na asidi hiyo hudhoofisha dawa ya ganzi. Hivyo jino lile lile ambalo lingezibwa bila maumivu miezi minane nyuma, sasa ni gumu kulifisha ganzi. Mgonjwa huumia kweli. Anaporudi nyumbani husema, "Niliwaambia! Kule wanaumiza." Hofu yake huongezeka, na safari nyingine atangoja zaidi.

Huo ndio mzunguko: hofu huleta kuahirisha, kuahirisha huleta ugonjwa mkubwa, ugonjwa mkubwa huleta matibabu mazito, na matibabu mazito huleta hofu mpya.

Tena, mzunguko huu ndio unaozaa hadithi za mtaani. Mtu aliyekwenda mapema, akakaguliwa, akazibwa tundu dogo na kurudi kazini saa nne, hana kisa cha kusimulia. Anayesimulia ni yule aliyechelewa. Ndiyo maana masikio ya watu yamejaa habari za waliochelewa, na wengi hudhani hayo ndiyo matibabu ya meno.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jino, methali hii ni ya kweli neno kwa neno.

3. Kupima hofu

Kusema "naogopa daktari wa meno" hakutoshi, kwa sababu hofu za watu hazifanani. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, Norman Corah, alitunga maswali manne ya kupima hofu hii. Baadaye, mwaka 1995, Gerry Humphris na wenzake huko Uingereza waliongeza swali la tano kuhusu sindano. Kipimo hicho hutumika hadi leo katika nchi nyingi, na msomaji anaweza kujipima kwa mtindo huo huo.

Mtu ajiwazie katika hali hizi tano, kisha kila hali aipe alama kuanzia 1 (hana wasiwasi hata kidogo) hadi 5 (ana hofu kupindukia):

1. Kesho ana miadi ya kutibiwa meno.
2. Ameketi kwenye benchi akisubiri kuitwa.
3. Jino lake liko karibu kuchongwa kwa mashine.
4. Meno yake yako karibu kukwanguliwa ukoga na kusafishwa.
5. Anakaribia kudungwa sindano ya ganzi kwenye ufizi.

Jumla ya chini ni 5 na ya juu ni 25. Aliyepata 19 au zaidi ana hofu kubwa, naye anapaswa kumweleza daktari kabla ya matibabu kuanza. Lakini faida kubwa ya zoezi hili si jumla. Ni kujua ni hali ipi iliyopata alama nyingi. Anayeogopa sindano huhitaji msaada tofauti na anayeogopa kelele za mashine, na anayeogopa kusubiri huhitaji tu kupangiwa nafasi ya kwanza asubuhi.

4. Hatua kwa mtu mzima

*Kwenda wakati hakuna kinachouma.* Mzunguko wa hofu hukatwa kwa urahisi zaidi hapa. Ziara ya kwanza iwe ya kukaguliwa tu. Daktari hutazama kwa kioo kidogo, huhesabu meno, hutaja yaliyoharibika na kueleza la kufanya. Mgonjwa hurudi nyumbani akiwa amekalia kile kiti na hakuna lililompata.

*Kupanda ngazi kidogo kidogo.* Mwenye hofu kubwa asijilazimishe kufanya yote siku moja. Anaweza kujipangia hivi:

- Wiki ya kwanza: kupita kwenye kituo na kuuliza siku za huduma ya meno na bei zake.
- Wiki ya pili: kumsindikiza jamaa au rafiki anayekwenda kutibiwa, na kukaa naye hadi amalize.
- Wiki ya tatu: kukaguliwa yeye mwenyewe, bila matibabu mengine.
- Wiki ya nne: kusafishwa meno.
- Baadaye: kuziba au kung'oa panapohitajika.

Kila hatua irudiwe hadi moyo utulie, ndipo aingie inayofuata. Aliye na maumivu au uvimbe asifuate ngazi hii. Yeye aende mara moja.

*Kuisema hofu.* Wagonjwa wengi hukaza mdomo wakidhani daktari ataona wenyewe. Maneno machache yanatosha:

"Daktari, mimi huogopa sana sindano. Nilipokuwa mdogo niliumizwa. Naomba uniambie kabla ya kila jambo unalofanya."

Daktari aliyeambiwa hivyo anaweza kupaka dawa ya kufisha ufizi kabla ya sindano, kudunga polepole, na kungoja hadi ganzi iingie. Ganzi huchukua dakika kadhaa kufanya kazi, hasa kwa meno ya chini ya nyuma. Mgonjwa anayehisi maumivu baada ya kudungwa ana haki ya kusema, naye anaweza kuongezewa.

*Kukubaliana ishara ya kusimama.* Kabla ya kuanza, mgonjwa na daktari wakubaliane kwamba mgonjwa akiinua mkono wa kushoto, kazi itasimama mara moja. Wengi hawaitumii kabisa. Kujua tu kwamba wanaweza kusimamisha kazi hurudisha utulivu.

*Kupumua.* Mwenye hofu hupumua harakaharaka, na pumzi za haraka huongeza kizunguzungu na mapigo ya moyo. Avute pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, kisha aitoe taratibu akihesabu hadi sita. Afanye hivyo kwa dakika tatu akiwa kwenye benchi, na tena akiwa kitini.

*Kwa wanaozimia wakiona sindano au damu.* Hawa hawasaidiwi na kulegeza mwili, kwa kuwa kinachowaangusha ni shinikizo la damu kushuka ghafla. Wao wakaze misuli ya mapaja, tumbo na mikono kwa sekunde 10 hadi 15, waachie kidogo, kisha warudie mara kadhaa. Wamwambie daktari mapema ili awalaze chali kabla ya sindano.

*Maandalizi ya siku yenyewe.* Miadi ya asubuhi ni bora, kwani mtu hakai na wasiwasi kutwa. Kwa matibabu ya ganzi ya kawaida, mgonjwa ale chakula chepesi kabla ya kwenda, maana njaa nayo husababisha kuzimia. Asile tu ikiwa ameagizwa hivyo kwa sababu ya dawa za usingizi. Ataje dawa anazotumia, ujauzito, kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, au kama aliwahi kudhuriwa na dawa yoyote.

*Kuuliza bei kabla.* Daktari anaweza kueleza matibabu yanayohitajika, yapi ni ya haraka na yapi yanaweza kungoja mwisho wa mwezi. Kwa waliosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), ni vizuri kuuliza kwenye dawati la usajili ni huduma zipi zinazolipiwa katika kituo hicho.

Pale ambapo hatua hizi zote hazitoshi, daktari anaweza kumpa mgonjwa rufaa kwenda hospitali yenye uwezo wa kutumia dawa za kutuliza au za usingizi. Hii si njia ya kwanza, lakini ipo.

5. Hatua kwa mtoto

Mtoto hazaliwi akiogopa daktari wa meno. Hufundishwa, na mara nyingi mwalimu ni mtu anayempenda.

"Ukiendelea kulia nitakupeleka kwa daktari akudunge sindano!" Maneno haya husemwa nyumbani bila nia mbaya, kumnyamazisha mtoto jioni moja. Lakini mtoto huyahifadhi. Siku anapoumwa kweli na kupelekwa hospitalini, anaamini anaadhibiwa. Daktari, sindano na koleo visitumike kamwe kama kitisho.

Meno ya maziwa huanza kuota mtoto akiwa na takriban miezi sita. Inashauriwa mtoto akaguliwe kinywa kwa mara ya kwanza kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Katika umri huo hakuna linalofanywa zaidi ya kutazama. Mama humpakata, mtoto akalazwa kichwa kikiwa kwenye magoti ya daktari na miguu ikiwa kwa mama, na kazi huisha kwa dakika chache. Mtoto aliyezoea hivyo tangu mapema hukiona kiti kile kama anavyoiona mizani ya kliniki.

Kwa mtoto mkubwa kidogo, madaktari wengi hutumia njia ya *eleza, onyesha, tenda*. Mfano wake ni huu:

Mtoto: "Shikamoo, daktari."

Daktari: "Marahaba, mwanangu. Hiki ni kioo kidogo chenye mkono mrefu. Hebu kishike. Unaona nini?"

Mtoto: "Kidole changu."

Daktari: "Sasa nitakitumia kuhesabu meno yako. Kwanza nahesabu vidole vyako: moja, mbili, tatu... Haya, fungua mdomo tuhesabu na meno."

Mzazi anaweza kuifanya njia hii nyumbani siku chache kabla ya miadi. Mtoto ajilaze, mzazi ahesabu meno kwa kutumia kijiko, kisha mtoto naye ahesabu ya mzazi au ya mwanasesere.

Mambo mengine yanayosaidia:

- Kusema kweli kwa maneno mepesi. "Haiumi hata kidogo" ni ahadi ambayo mzazi hawezi kuitimiza. "Utahisi kama umefinywa kidogo, halafu mdomo utalala" ni kweli, na mtoto ataendelea kumwamini mzazi wake.
- Mzazi mwenye hofu ajichunge. Mtoto husoma uso. Kama mama hutetemeka akiona kile kiti, baba, shangazi au bibi ndiye aende naye.
- Asiahidiwe peremende. Ni kumtibu kwa mkono mmoja na kumharibu kwa mwingine. Sifa, hadithi au kuchagua mchezo wa jioni vinatosha.
- Asichekwe akilia. Aambiwe, "Najua unaogopa. Niko hapa," na asifiwe kwa alichoweza, hata kama ni kufungua mdomo tu.
- Mwenye ulemavu au mahitaji maalumu. Kituo kiarifiwe kabla, ili apangiwe saa isiyo na kelele na muda wa kutosha.

Wazazi huuliza, kwa nini kutibu jino la maziwa ambalo litang'oka lenyewe? Kwanza, linauma na kuota usaha kama jino lolote. Pili, linashika nafasi ya jino la kudumu, na likiondoka mapema mengine hujipanga vibaya. Tatu, magego ya kwanza ya kudumu huota mtoto akiwa na takriban miaka sita, nyuma ya meno ya maziwa, bila kung'oa lolote. Wazazi wengi hudhani ni ya maziwa, wakayaacha yaoze.

Habari njema ni kwamba si kila tundu huhitaji mashine. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, ilianza njia ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono tu na kujaza tundu kwa saruji inayoshikana na jino. Njia hiyo haina kelele, mara nyingi haihitaji sindano, na inaweza kutumika hata shuleni pasipo umeme. Ipo pia dawa ya majimaji yenye fedha na floridi ambayo hupakwa tu kwenye uozo ili kuusimamisha, ingawa huacha sehemu hiyo ikiwa nyeusi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hiyo, pamoja na saruji hiyo ya kujazia, katika orodha yake ya dawa muhimu. Mzazi anaweza kuuliza kama huduma hizi zinapatikana katika kituo anachokwenda.

Baada ya ganzi, mtoto achungwe kwa saa mbili hadi nne asijing'ate mdomo au ulimi, kwa kuwa hahisi. Asile hadi ganzi iishe.

6. Uvumi unaoongeza hofu

*"Kung'oa jino la juu hupofusha."* Si kweli. Mshipa wa fahamu unaopeleka uwezo wa kuona si ule unaohudumia meno. Jino lenye usaha likiachwa ndilo linaloweza kusambaza maambukizi usoni.

*"Kusafishwa meno huyalegeza."* Ukoga mgumu hujaza nafasi kati ya meno huku ukiharibu ufizi na mfupa. Ukiondolewa, mtu huhisi mapengo uliyoyajaza. Kilicholegeza meno ni ugonjwa wa fizi, ambao ukoga ndio huuleta.

*"Mjamzito hapaswi kutibiwa meno."* Anaweza kutibiwa, na maambukizi ya kinywa yasiachwe hadi ajifungue. Miezi ya kati ya ujauzito huwa ndiyo yenye nafuu zaidi kwake. Muhimu ni kumjulisha daktari.

*"Jino likiacha kuuma limepona."* Tundu halijizibi lenyewe. Mara nyingi ukimya huo ni wa jino lililokufa.

*"Tembe ikiwekwa juu ya jino hupoza."* Aspirini huchoma ufizi. Petroli na maji ya betri ni sumu. Na dawa za kuua vijidudu zinazonunuliwa bila kupimwa hupunguza uvimbe kwa muda tu, chanzo kikabaki.

7. Wakati hakuna kungoja

Mgonjwa mwenye dalili yoyote kati ya hizi apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, usiku au mchana:

- uvimbe unaoenea chini ya taya, shingoni au kuelekea jichoni;
- kushindwa kumeza mate, kupumua kwa shida, au kushindwa kufungua mdomo;
- homa kali pamoja na uvimbe wa uso;
- damu isiyokoma baada ya kung'olewa jino.

Uvimbe wa chini ya taya unaweza kuziba njia ya hewa, na watu hufa kwa sababu ya jino moja. Hapa hofu haina budi kuwekwa kando.

Aliyeng'olewa jino aume pamba kwa nusu saa. Kwa saa 24 asisukutue wala kutema kwa nguvu, asivute sigara wala kutafuna muguka. Baada ya hapo asukutue taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, arudi.

Huduma za meno kwa kawaida hupatikana katika hospitali za kaunti ndogo na za rufaa, na katika baadhi ya vituo vya afya. Zahanati na wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wanaweza kumwelekeza mgonjwa kwenye kituo cha karibu. Anayetibu meno anapaswa kuwa daktari wa meno au afisa wa afya ya kinywa wa jamii aliyesajiliwa na baraza la madaktari nchini, KMPDC. Mgonjwa ana haki ya kuuliza leseni. Wang'oaji wa mitaani wasio na leseni wameongeza hofu ya wengi, mbali na hatari ya vifaa vichafu.

8. Ili ziara ziwe nyepesi

Mwenye kinywa safi hana mengi ya kuogopa. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, na mara ya pili iwe kabla ya kulala. Aliye chini ya miaka mitatu atiliwe dawa ya ukubwa wa punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita ukubwa wa punje ya njegere. Mzazi amsaidie hadi afike takriban miaka saba. Mswaki wa mti husafisha ukitumiwa vizuri, lakini hauna floridi ya kutosha, hivyo uende pamoja na dawa ya meno. Mabuyu ya sukari, soda na peremende, zikiwemo zile zinazotafunwa na muguka, zikiliwa kutwa nzima huharibu zaidi kuliko zikiliwa mara moja pamoja na mlo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kati ya vyanzo vitano vya hofu, kipi kinawahusu zaidi watu wa kijiji au mtaa wenu? Kwa nini?
2. Eleza kwa maneno yako jinsi kuahirisha kunavyofanya matibabu yaume zaidi.
3. Mzazi amwambie nini mtoto wa miaka mitano anayekwenda kuzibwa jino kesho? Na asimwambie nini?
4. Fanyeni zoezi wawili wawili: mmoja awe daktari, mwingine mgonjwa anayeeleza hofu yake na kukubaliana ishara ya kusimama.
5. Taja dalili nne za hatari zisizongoja.

Yule aliyeketi usiku na leso kichwani hana haja ya kuwa shujaa. Kukipambazuka, amwamshe ndugu yake waende pamoja, ale kidogo kabla ya kutoka, na akifika amwambie daktari neno la kwanza: "Naogopa." Jino lake huenda lisiokoke. Lakini akirudi baada ya miezi michache kukaguliwa yaliyobaki, wakati hakuna linalouma, na akamshika mkono mwanawe kwenda naye, mzunguko ule utakuwa umekatwa katika nyumba hiyo.